Noti zilizokufa: Kwa nini karatasi moja huuzwa kwa mamilioni na nyingine hainunui hata chumvi

Mwezi Mei 2021, kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji wa hoki ya barafuni, Wayne Gretzky, kiliuzwa kwa dola milioni 3.75 za Marekani. Kadi hiyo ni ya mwaka 1979, chapa ya kampuni ya O-Pee-Chee ya Canada, na enzi zake iliuzwa kwa watoto kwa senti chache ndani ya pakiti ya ubani wa kutafuna. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Desemba 2020, kadi ya aina na daraja hilohilo ilikuwa imepata dola milioni 1.29.

Habari za namna hii hufika mbali. Familia nyingi za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali zilizopelekwa Canada, Marekani na Australia zilipitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na watoto wao leo wanasoma na watoto wanaokusanya kadi za wachezaji. Si ajabu basi mzazi akakumbuka ile bahasha ya noti za zamani iliyobaki kwa bibi au shangazi, akajiuliza: ikiwa kadi ya mchezo ina bei hiyo, noti halali ya Serikali, yenye saini ya gavana wa benki kuu, ina bei gani?

Swali ni la haki, lakini jibu lake si tamu.

Makazi yaliyorithi fedha zilizofutwa

Nakivale, wilayani Isingiro, takriban kilomita 60 kutoka jiji la Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Baadaye walifuata watu wa mataifa mengine, kila kundi likikimbia vita vyake. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba wengi wa watu hao wametoka katika nchi ambazo fedha zake, wakati mmoja au mwingine, zilifutwa au ziliachwa bila mwenyewe.

Mfano wa karibuni ni wa Burundi. Juni 2023, Benki Kuu ya nchi hiyo ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, ikawapa wananchi siku 10 tu kuzirejesha. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura, siku 10 ni za foleni na usumbufu. Kwa mkimbizi aliyezificha noti hizo upande wa pili wa mpaka, tena akiogopa kurudi, siku 10 ni sawa na kutoambiwa kabisa. Wahenga walisema akiba haiozi. Hiyo ilioza kwa tangazo moja.

Uganda yenyewe ina historia yake. Mwaka 1973 zilitoka noti zenye picha ya Idi Amin. Aliangushwa mwaka 1979, na mwezi Mei 1987 serikali mpya ya Yoweri Museveni ikaondoa sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, huku asilimia 30 ikikatwa kama kodi ya ubadilishaji. Wazee wa Mbarara waliokuwa wakifuga na kuuza ng'ombe wakati huo wanaijua hesabu hiyo bila kuandikiwa.

Lakini hakuna aliyeishinda Zaire. Sarafu iliyoitwa zaire ilipoanza kutumika mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Robo karne baadaye, serikali ya Mobutu Sese Seko ilikuwa inachapisha noti ya zaire milioni 5. Januari 1993 wanajeshi walilipwa mishahara kwa noti hizo, wafanyabiashara wa Kinshasa wakazikataa, na ghasia zilizofuata ziliua watu wengi, akiwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 10,000. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikarejea, moja kwa zaire mpya 100,000. Akifanya hesabu, msomaji ataona kwamba faranga moja ya mwaka 1998 ilimeza zaire bilioni 300 za zile za mwanzo. Mtu aliyekimbia na gunia la zaire alikuwa amebeba uzito tu.

Hapa kuna tukio linalostahili kutazamwa kwa karibu. Etienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani, aliitangaza noti ya milioni 5 kuwa si halali, na watu wa kwao Kasai wakaikataa. Zaire mpya ilipokuja, wakaikataa pia, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti kuukuu zilizokuwa zimefutwa rasmi na Kinshasa. Kwa kuwa noti hizo hazikuchapishwa tena, hazikuweza kuongezeka, na bei katika jimbo hilo zilitulia kuliko kwingineko nchini. Karatasi zilizokuwa taka Kinshasa zilikuwa fedha Mbuji-Mayi. Somalia ilifika mahali panapofanana kwa njia nyingine: serikali ilisambaratika mwaka 1991, benki kuu ikafungwa, lakini shilingi iliendelea kupokelewa sokoni, ikiwemo ile iliyochapishwa na wafanyabiashara na wababe wa vita. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria kwamba takriban asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa katika mzunguko nchini humo zilikuwa bandia. Bado zilinunua chai na mkate.

Kwa maneno mengine, noti ya matumizi huishi kwa kukubalika. Noti ya mkusanyaji huishi kwa sheria nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi hupotea.

Mkusanyaji hulipia nini

Soko la kadi za hoki lina mambo machache linaloyatazama, na soko la noti za zamani huyatazama hayohayo.

La kwanza ni uchache, si umri. Kadi za Canada za miaka ya mwanzo ya 1990 sasa zina zaidi ya miaka 30, lakini nyingi hazina bei, kwa sababu kampuni kadhaa ziliingia sokoni kwa pamoja msimu wa 1990–91 zikachapisha kupita kiasi, na wanunuzi wakazihifadhi zote wakiamini zitawatajirisha. Kwa sadfa ya ajabu, hiyo ndiyo miaka ambayo mitambo ya kuchapisha noti za Mobutu nayo haikulala. Matokeo yamefanana: noti za kawaida za Zaire, pamoja na nyingi za Idi Amin, wakusanyaji huzipata kwa dola chache, hata zikiwa mpya kabisa. Sura ya dikteta mashuhuri haiongezi sana; kilichochapishwa kwa mamilioni hubaki kuwa kingi.

Vitu adimu vya ukanda huu vipo. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na kuondolewa nafasi yake ilipochukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, hufikia maelfu ya pauni mnadani, kwa kuwa zilizosalia ni chache mno. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ambayo Wajerumani waliipiga chapa Tabora mwaka 1916 walipokuwa wamezingirwa na Waingereza, nayo hutafutwa dunia nzima. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000 tu. Noti za Katanga, jimbo lililojitangazia uhuru kuanzia 1960 hadi 1963, pia zina wateja wake. Ni nadra mno, hata hivyo, vitu hivyo kutokea katika mzigo wa mtu aliyekimbia Kivu mwaka 2012 au Bujumbura mwaka 2015.

La pili ni hali ya kitu, na hili ndilo gumu kulikubali. Kadi ya Gretzky hupimwa kwa daraja la 1 hadi 10. O-Pee-Chee walikata karatasi zao kwa waya, kingo zikabaki na manyoya, na ukingo wa buluu wa kadi hiyo huonyesha kila mkwaruzo. Ndiyo maana kadi zilizopewa daraja la 10 na kampuni inayoaminika zaidi zilikuwa mbili tu wakati wa mauzo ya 2021. Kadi ileile iliyochezewa na mtoto, ikafungwa kwenye tairi la baiskeli ili ipige kelele, ni ya bei ya kawaida. Noti nazo hupimwa kwa daraja la 1 hadi 70. Mkunjo mmoja wa katikati huishusha. Tundu la pini, doa la mafuta, namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu pembeni, vyote huishusha zaidi. Wako wanaodhani wanaisaidia noti kwa kuifua kwa sabuni, kuipiga pasi au kuibandika selotepu, wanaimalizia kabisa.

Sasa itazamwe noti iliyofika Nakivale. Imeshonwa ndani ya kanga, imevuka mto, imelowa jasho na mvua, imekunjwa mara nane ili askari wa kizuizini asiione. Kila alama iliyo juu yake ni ushahidi wa safari, na kila alama hiyo ni hasara katika kitabu cha mpimaji. Mkusanyaji wa Ulaya hulipa vizuri zaidi kwa noti ambayo haikuwahi kumfaa mtu yeyote: iliyotoka kiwandani, ikawekwa kabatini, haikununua unga wala haikulipa nauli. Soko hili halina dharau kwa mateso ya watu. Halina tu mahali pa kuyaandikia.

La tatu ni uthibitisho. Noti isiyo na daraja kutoka kwa mpimaji anayejulikana huuzwa kwa bei ya shaka, na gharama ya kupimwa, pamoja na posta, mara nyingi huzidi thamani ya noti yenyewe. Hakuna benki ya biashara mjini Mbarara itakayoipokea noti iliyofutwa ya nchi nyingine, na mbadilisha fedha wa mtaani hana haja nayo, kwa sababu naye hana pa kuipeleka.

Ahadi za mamilioni

Pengo lililopo kati ya habari ya mnada na noti iliyo mkononi ndilo linalowavutia matapeli. Katika Afrika Mashariki uvumi wa aina hii ni wa kale; wako waliochimba ardhi Tanzania wakitafuta rupia za Mjerumani kwa kuaminishwa kwamba zina nguvu au thamani isiyo na kifani. Leo uvumi husafiri kwa simu. Mtu hudai ananunua noti au sarafu fulani kwa mamilioni, hutuma picha ya fedha taslimu, kisha huomba kwanza ada ya usajili, ya uthibitisho au ya kodi. Agosti 2021 Benki Kuu ya India ililazimika kuwaonya wananchi kwamba wahalifu walikuwa wakitumia jina na nembo yake kukusanya ada za namna hiyo katika biashara ya noti na sarafu za zamani, na kwamba yenyewe haihusiki na biashara hiyo wala haitozi ada yoyote.

Wakati wa shida, ahadi kama hizo hupata masikio. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza sana msaada wake nchini Uganda kwa kukosa fedha, na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakaondolewa kwenye orodha ya posho. Januari mwaka huohuo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimemaliza usaili zikabaki zikisubiri. Katika hali hiyo, ujumbe unaosema kwamba noti ya Mobutu iliyo sandukuni ina thamani ya nyumba hausomwi kama mzaha. Na aliye ughaibuni huombwa kutuma hiyo ada, dola 50 au 100, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo. Fedha hizo zingetosha kununua unga na maharagwe ya wiki kadhaa Nakivale.

Anayetaka kujua bei halisi anaweza kuipata bila kulipa chochote. Kampuni za minada huweka wazi matokeo ya mauzo yaliyopita, na kinachofaa kutazamwa ni bei iliyolipwa, si bei anayoiomba muuzaji, kwa sababu yeyote anaweza kuomba dola elfu moja kwa noti ya dola mbili. Atazame toleo, mwaka, saini na namba ya mfululizo. Mara chache tofauti ndogo hapo, kama noti ya mfano iliyochapishwa kwa ajili ya mabenki, huibadilisha bei. Mnunuzi wa kweli hukata gharama zake katika malipo. Hamtangulizi muuzaji kulipa.

Noti za Burundi zilizofutwa mwaka 2023 bado ni mpya mno kwa soko hilo, na zilikuwa nyingi mikononi mwa watu. Baadhi zilizosalia nje ya nchi huenda bado zimo katika masanduku ya bati huko Isingiro, na bei yake kwa wakusanyaji haitarudisha kilichowekwa akiba.