Kipimo Kwanza, Kipuri Baadaye

Waraka wa wazi kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: HITILAFU ZA MFUMO WA KUCHAJI UMEME KATIKA NDEGE NDOGO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia nikiwa fundi wa ndege ndogo za injini moja, zile Cessna na Piper ambazo leo ziko Arusha na kesho unasikia zimetua Mafia au Seronera. Nina ombi: Mamlaka itoe mwongozo unaotaka kila hitilafu ya kuchaji ipimwe, na vipimo viandikwe kwenye kitabu cha matengenezo, kabla kifaa chochote hakijabadilishwa.

Desturi iliyozoeleka ni nyingine. Rubani anaripoti kuwa taa ya volti ndogo imewaka. Altaneta inafunguliwa, nyingine inaagizwa Marekani, ndege inakaa chini ikisubiri mzigo na ushuru. Kifaa kinafika, kinafungwa, na taa inawaka tena. Inafuata regyuleta, halafu betri. Mwishowe mkosaji anaonekana: waya wa ethi kati ya injini na bodi ya ndege, umeliwa na kutu. Bei yake haifikii hata gharama ya kusafirisha ile altaneta ya kwanza.

Mfumo wenyewe hauna fumbo. Katika nyingi ya ndege hizi injini huzungusha altaneta kwa mkanda. Lakini altaneta haitoi umeme wa maana mpaka sumaku yake iamshwe kwa umeme kidogo wa betri, ambao hupita kwenye sakiti breka, swichi kuu, kifaa cha kuzuia volti kuzidi na regyuleta, ndipo uingie kwenye altaneta kupitia kaboni zake. Njia ikikatika popote, rubani huona jambo lile lile: haichaji. Taa ile inasema kuna ugonjwa. Haisemi uko wapi.

Anayejua uko wapi ni mita ya volti, tena ya kawaida tu. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, mfumo wa volti 12 unapaswa kuonyesha takribani 12.6, na ule wa volti 24 takribani 25. Injini ikiwashwa na kuongezwa kasi, volti zipande hadi karibu 14 au karibu 28. Zisipopanda, injini izimwe, pande zote mbili za swichi kuu ziwashwe, kisha fundi apime pale waya wa kuamsha sumaku unapoingia kwenye altaneta. Akikuta volti zinazokaribia za betri, basi njia ni nzima, na macho yaelekee kwenye kaboni na altaneta yenyewe. Akikuta hakuna kitu, kwa kawaida altaneta haina kosa. Arudi nyuma hatua kwa hatua, kwenye regyuleta, kifaa cha kuzuia volti, swichi na breka, mpaka pale volti zinapoonekana tena. Kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja.

Kuna hitilafu ambayo bila mita haikamatiki kabisa. Mshale wa ampea unacheza huku na huku, na taa zinapwesa kwa mdundo huo huo. Wengi hulaumu regyuleta. Mara nyingi chanzo ni swichi kuu iliyochakaa au viungio vyenye kutu, jambo lisilo geni kwa ndege inayolala kwenye hewa ya chumvi ya Pemba. Regyuleta hupima volti kupitia njia hiyo hiyo. Njia ikizuia, inadanganyika kuwa volti zimeshuka na kuongeza, kisha inapunguza, kisha inaongeza tena. Fundi akipima volti za mfumo na zile zinazoifikia regyuleta, akakuta tofauti ya sehemu kadhaa za kumi za volti, amempata mkosaji kabla ya kuagiza chochote.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo, kwa kuwa injini hizi zina magneto zinazotengeneza cheche zenyewe, na altaneta ikifa injini haizimiki. Kwa injini za namna hiyo ni kweli. Lakini redio, transponda, taa, na flapi za Cessna nyingi vinategemea umeme, na betri nzima hutegemewa kwa takribani nusu saa tu, tena rubani akizima visivyo vya lazima. Injini mpya zinazoendeshwa na kompyuta hazina hata msamaha huo. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, ndege ya Diamond DA42 iliyokuwa na betri dhaifu iliwashwa kwa umeme wa nje. Ilipokunja magurudumu baada ya kuruka, volti zilianguka, kompyuta za injini zikazimika, na injini zote mbili zikasimama.

Kosa la kutambua kifaa halibaki karakanani. Tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya Air Illinois iliruka usiku kutoka Springfield, Marekani, na punde jenereta ya kushoto ikaharibika. Rubani msaidizi akaitenga ile ya kulia, iliyokuwa nzima, na haikurudi tena kwenye mfumo. Nahodha akaamua kuendelea hadi Carbondale badala ya kugeuza. Betri ikaisha kabla hawajafika, na watu wote 10 waliokuwa ndani walikufa. Ndege ile ilikuwa kubwa kuliko zetu, lakini hesabu ya betri ni ile ile.

Kwa hiyo, katika mwongozo huo naomba mambo matatu.

Kwanza, kitabu cha matengenezo kionyeshe volti za betri, volti za mfumo injini ikifanya kazi, na volti zinazofika kwenye altaneta, kabla ya matengenezo na baada yake. Maneno "imebadilishwa, inafanya kazi" yasitoshe.

Pili, karibu na kila kipima ampea pawe na kibandiko kinachosema kinapima nini. Katika Cessna nyingi huonyesha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri, hivyo sifuri ni dalili njema. Katika Piper nyingi huonyesha mzigo wa altaneta, na sifuri ni habari mbaya. Rubani anayehama kutoka ndege moja hadi nyingine asibahatishe.

Tatu, hatua za upimaji zichapishwe pia kwa Kiswahili. Vitabu vya watengenezaji vibaki kuwa ndivyo vyenye mamlaka, lakini vijana wanaojifunza kazi hangani huelekezwa kwa Kiswahili na huulizana kwa Kiswahili.

Najua wakaguzi wenu wana kazi nyingi. Mwongozo huu utawapunguzia: mkaguzi akifungua kitabu na kukuta namba, ataweza kuhoji uamuzi wa fundi. Akikuta jina la kipuri peke yake, hana cha kuhoji. Nipo tayari kuonyesha upimaji huu mbele yao, siku watakayopanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa ndege ndogo, Arusha.