IDJWI: WATU NI WENGI, AU UDONGO UMECHUKULIWA?



Mara nyingi tunasikia wakubwa wakisema: "Watu wa Idjwi ni maskini kwa sababu wanazaa sana." Neno hili limerudiwa mpaka wengine katikati yetu wanaliamini. Leo tunataka kulipima, kama karani anavyopima mzigo kabla ya kuandika kilo.

Kwanza tuseme yaliyo kweli. Idjwi ni kisiwa cha ziwa Kivu, katika Kivu ya Kusini. Ni teritware moja yenye sheferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Udongo wake ni karibu kilomita za mraba 300 tu, na watu wanakadiriwa kupita 250,000. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya watu 800 kwa kila kilomita ya mraba. Tena, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mama wa Idjwi anazaa kwa wastani watoto 8.3. Hesabu hiyo hatuifichi.

Tumesema "wanakadiriwa" kwa sababu inchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Ng'ombe wa tajiri wanahesabiwa kila jioni. Raia wa Kongo amengoja zaidi ya miaka 40. Asiyehesabiwa atajengewaje hospitali? Mwalimu wake atapangwaje, na dawa zake zitatumwa kwa kipimo gani?

Sasa tuangalie udongo wenyewe. Mwaka 1928 Wabeleji waliunda Comité National du Kivu ili igawe ardhi ya Kivu kwa walowezi na makampani. Kisiwani walipanda kahawa na miti ya kwinini. Tulipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mwenye jembe alifikiri udongo umerudi kwake. Sheria Bakajika ya 1966 ilisema ardhi ni ya serikali. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema vilevile. Mwisho wa mwaka huo huo wa 1973 mashamba ya wageni yakapewa wakubwa wa utawala. Jina la bwana lilibadilika, mpaka wa shamba ukabaki palepale. Mwenye karatasi anakaa mjini. Asiye na karatasi analima mteremko ambao mvua inauosha. Na ndugu zetu Wambuti, waliokaa msituni kabla ya wengi, wamebaki bila hata mteremko.

Udongo mdogo unaleta chakula kibaya. Mwenye shamba finyu anapanda muhogo, kwa sababu muhogo unavumilia udongo uliochoka. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikwenda Idjwi kuchunguza ugonjwa wa shingo kuvimba. Walikuta wagonjwa wengi sana kaskazini, na wachache kusini-magharibi. Iyodi ilikosekana pande zote mbili. Kilichozidisha ugonjwa kaskazini kilikuwa sumu ya muhogo. Dawa yake inajulikana: kuloweka muhogo vizuri na kutia iyodi katika chumvi. Basi ugonjwa ule haukutoka katika wingi wa watoto. Ulitoka katika sahani.

Tazameni na kahawa. Kwa miaka mingi bei ya upande wa Kongo ilikuwa mbaya na kodi zilikuwa nyingi. Wanaume walipakia magunia katika mitumbwi usiku ili wauze Rwanda. Wengi walizama, wakaacha wajane na mayatima. Ni baada ya vyama vya wakulima kujenga vituo vya kuosha kahawa kisiwani ndipo wengi walianza kupata bei bila kuvuka maji. Hapo watu wa Idjwi walionyesha kwamba wanajua kujisaidia njia ikiwapo.

Na kisiwa hiki, kinachoitwa kimejaa, hakikufunga mlango. Mwaka 1994 kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Vita vilipofika Minova, Januari 2025, watu walivuka tena kutafuta usalama kwake.

Mtauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa machimbo? Linatuhusu sana. Sisi makarani tunaandika majina ya wanaotafuta kazi. Kijana asiye na shamba hawezi kukataa mshahara mdogo. Anasimama mlangoni asubuhi, anakubali lolote, na bwana wa kazi anamwambia mchimbaji wa zamani: "Ukilalamika, wako wengine 20 wanangoja." Wizi wa udongo wa kijijini unapunguza mshahara wa machimboni. Mkulima na mfanyakazi ni watoto wa deni moja.

Kuhusu uzazi, tuseme wazi: mama ana haki ya kupanga watoto wake, na dawa za kupanga zimfikie bure. Lakini mzazi anayezika watoto anazaa tena, na asiye na pensheni anategemea wanawe uzeeni. Watoto wakipona, wasichana wakisoma, uzazi utashuka bila matusi ya wakubwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Watu wote wa Kongo wahesabiwe, na Idjwi isiachwe nyuma kwa kisingizio cha maji.
2. Makaratasi ya mashamba makubwa ya kisiwa yasomwe mbele ya watu, na ardhi isiyolimwa igawiwe wanaoilima, Wambuti wakiwamo.
3. Chumvi yenye iyodi na dawa za malaria zisikosekane katika nyumba za dawa.
4. Mashua za abiria zikaguliwe na zisijazwe kupita kipimo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, ikaua makumi ya watu. Mtu wa kisiwani hana barabara nyingine.

Wenzetu wa kambi na wa mji, mkikutana Jumapili, someni haya kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Na mtu akiwaambia tena kwamba Idjwi ni maskini kwa sababu ya watoto wake, mwulizeni kwanza: karatasi ya shamba iko mkononi mwa nani?