Kukosa uhandisi UoN haimaanishi wewe ni mjinga

Wasee, kila mwaka hii stori hurudi. Mtu ana A minus, mtaa mzima ushampigia makofi, mamake ashaanza kumwita "injinia" mbele ya wageni. Halafu KUCCPS inatoa majibu, na jamaa ameitwa kozi nyingine kabisa. Nyumbani maswali yanaanza: kwani ulifanya nini?

Hakufanya kitu. Shida ni vile tunaelewa ile namba mnaita cutoff. Wengi wanadhani ni alama ya kupita, eti kuna profesa mahali aliamua kusomea umeme kunahitaji ubongo wa pointi kadhaa. Zii. Masharti ya masomo yapo, lakini ile namba yenyewe ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka huo. Viti vikiwa vichache na watu wakiwa wengi, inapanda. Watu wakikimbilia kozi nyingine, inashuka. Ni kama bei ya nyanya Marikiti: haikwambii nyanya ni tamu kiasi gani.

Angalia hata hizo A. KCSE ya 2015 ilikuwa na A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, wizi wa mtihani ulipobanwa, zikawa 141. Akili za Wakenya hazikupotea kwa miezi kumi na miwili, si ndiyo?

Na A minus mbili hazilingani. Pointi za klasta, zile za 48, zinachanganya jumla yako ya masomo saba na masomo manne ambayo kozi inataka. Kwa uhandisi, hesabu, fizikia na kemia zimo. Kwa hivyo ukiwa na A za historia na CRE na B ya fizikia, gredi yako inang'aa kwa ukuta wa sebule lakini kwa foleni ya uhandisi uko nyuma.

Sasa, kuna kitu mnafanya ambacho hukasirisha. Mtu anajaza Nairobi, anajaza JKUAT, halafu anaacha Moi, Dedan Kimathi, Masinde Muliro na TUM kwa sababu "siwezi kuishi huko." Buda, unataka uhandisi ama unataka CBD? Bodi ya Wahandisi, EBK, haitakuuliza ulikuwa unakula chipo wapi. Itauliza kama kozi yako inatambuliwa. Hiyo ndiyo kitu ya kuangalia kabla ya kubonyeza. Na soma jina la kozi hadi mwisho, kwa sababu shahada ya uhandisi na ile ya teknolojia ya uhandisi si kitu kimoja. Hiyo ya pili ina bodi yake, KETRB. Si mbaya, lakini usiigundue ukiwa mwaka wa nne.

Lakini hata ukijaza vizuri, mimi naona haya mashindano huwa yameisha kitambo. Katika 8-4-4, shule nyingi fizikia si lazima ukifika kidato cha tatu. Mtoto wa miaka kumi na sita anaambiwa "fizikia ni ya wachache," anaiacha, na mlango wa uhandisi unafungwa hapo hapo bila yeye kujua. Mwingine anaibeba hadi mwisho katika shule yenye maabara moja, vifaa anaviona siku ya mtihani, halafu anapimwa kwa ile ile 48 na mtu aliyefanya majaribio kila wiki. Huyo akipata B, manze, mimi namheshimu kuliko A fulani nyingi. Mfumo hauna pahali pa kuandika hiyo heshima, na ningependa uwe nayo: viti kadhaa vitengwe kwa waliofanya vizuri zaidi katika shule zao, hata kama pointi ni chini kidogo. Najua wenye A watapiga kelele. Wapige.

Na hii CBE imesogeza huo mlango nyuma zaidi. Darasa la kwanza la gredi ya 10 liliingia Januari 2026, likiwa lishachagua njia likiwa gredi ya 9. Kama una mdogo wako huko, usimuulize tu kama anapenda STEM. Muulize kama hiyo shule anayojaza ina mwalimu wa fizikia.