Mume Naye Apimwe

Imekita miongoni mwetu, mjini na shamba, kwa waliosoma na wasiosoma, itikadi kwamba nyumba ikikosa mtoto aibu ni ya mke. Na kwa ajili yake mavyaa humnunia mkaza mwana, mawifi humsimanga, waganga humla fedha, na mume, ambaye hajapata kuonana na tabibu kwa jambo hilo, hushauriwa aoe mke wa pili au aandike talaka. Itikadi hii ni batili, na tena ni dhuluma.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 katika kila 6 hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake, wanaume kwa wanawake. Na matabibu wanajua kwamba katika ndoa zilizokosa mtoto, karibu nusu huwa na sababu kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya kubaleghe, kisonono kilichoziba njia za mbegu: yote hayo huweza kumwacha mwanamume ana nguvu kamili kitandani, ilhali manii yake hayana mbegu. Hapo ndipo tunapopotea, kwa kudhani kwamba mwenye nguvu hakosi uzazi.

Wapo wadaio kwamba aliyekwisha kuzaa kwingine hana haja ya kupimwa. La, hasha! Maradhi ya baadaye huweza kuziba njia iliyokuwa wazi. Na hata ikiwa mirija ya mke ndiyo iliyoziba kwa kisonono, si mara chache mume ndiye aliyeyaingiza maradhi hayo nyumbani.

Kisha tazameni uchunguzi wenyewe. Mume hujizuia siku 2 hadi 7, akatoa manii, yakatazamwa kwa hadubini, bila ya kisu wala sindano. Mke hutiwa dawa katika mji wa mimba ili apigwe picha ya eksirei, na aghalabu huumia. Kwa insafu gani basi tunamtanguliza yeye, na mume tukamsamehe?

Nawasihi wazee, mawalii na makadhi wasikubali neno la talaka wala la mke wa pili, kwa sababu ya kukosa mtoto, litamkwe na mume asiyepimwa. Maana aliyepokea amana ya nikahi amepokea pia wajibu wa kuikabili haki, ijapokuwa haki hiyo inamhusu yeye mwenyewe.