Simu Iliyojaa Haijafa: Tuipime Kabla ya Kuifuta

Daktari hampasui mgonjwa kabla ya kumpima. Kanuni hiyo tumeizoea hata hatuifikirii tena. Lakini kipo chombo kimoja ambacho leo kinabeba habari za maisha ya Mtanzania kuliko daftari lo lote, nacho bado hakijapewa heshima hiyo. Chombo hicho ni simu ya mkononi yenye mfumo wa Android. Simu hiyo ikiwa nzito, au ikikataa kupokea picha, shauri linalotolewa mara nyingi ni moja tu: ifutwe yote ianze upya, au iflashiwe, yaani programu zake zote za msingi ziwekwe tena.

Makala hii inasema kwamba shauri hilo lapaswa kuwa la mwisho, wala si la kwanza. Aidha, elimu ya kuliepuka ni nyepesi kiasi kwamba yaweza kufundishwa kwa kila mwananchi, tena kwa Kiswahili.

Mfano wa Msamvu

Msamvu, mjini Morogoro, ni njia panda. Hapo barabara itokayo Dar es Salaam huachana: moja hushika njia ya Dodoma, na nyingine hwelekea Mikumi na Iringa. Watu wa kila aina hupita katika kituo chake cha mabasi: mkulima wa Mgeta aliyeteremka na mboga kutoka milima ya Uluguru, mwanafunzi arudiye chuoni, mfanyabiashara mwenye hesabu zake zote ndani ya simu. Mahali kama hapo fundi simu hakosi kazi.

Tutazame hali ya kazi yake. Mteja ana nusu saa kabla ya basi kuondoka. Kutafuta chanzo cha ugonjwa kunahitaji muda, na hakuna mteja anayekubali kulipia kupimwa tu. Kufuta, kwa upande mwingine, ni kazi fupi, na matokeo yake huonekana papo hapo, kwa sababu simu iliyofutwa huwa nyepesi kama mpya. Mteja hufurahi, hulipa, hupanda basi. Hasara yake huigundua akiwa njiani, anapotafuta picha ya marehemu mzazi wake, au orodha ya wadeni, au namba ya mtu ambaye hana njia nyingine ya kumpata.

Kwa hiyo si haki kumtupia fundi lawama zote. Yeye hujibu haja ya mteja kwa jinsi mteja mwenyewe aliyoieleza: "Fundi, ifanye iwe nyepesi." Kama mteja angejua kuuliza, "Fundi, imejaa nini?", kazi yote ingechukua mkondo mwingine.

Hasara ya pili huwapata wengi bila kutazamia. Tangu toleo la 5.1 la Android, lililotolewa mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa kutumia vitufe vya pembeni, bila kupitia Mipangilio, huweza kudai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla ya kufutwa. Hii ni kinga dhidi ya wezi. Lakini wapo wenye simu ambao akaunti yao ilifunguliwa na muuzaji dukani siku ya kununua, na neno la siri hawakuandikiwa. Hao hujikuta wamefungiwa nje ya mali yao wenyewe.

Kwa nini simu iliyojaa huwa nzito

Simu ina kumbukumbu za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi. Hii ni kama meza: huwekwa kile kinachoshughulikiwa sasa, na simu ikizimwa meza husafishwa. Ndiyo maana kuizima simu na kuiwasha tena huondoa matatizo madogo madogo mengi. Ya pili ni hifadhi, ambayo ni kama kabati: yaliyomo hubaki hata umeme ukikatika.

Hifadhi hiyo ni ya aina iliyobuniwa na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, ambaye aliwatangazia wataalamu wenzake uvumbuzi wake mwaka 1984, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanzishwa hapa Morogoro. Ndani yake mna vijumba vidogo mno, kila kimoja kikishika chaji ya umeme. Vijumba hivyo vina tabia ya ajabu: huandikwa kwa mafungu madogo, lakini hufutwa kwa mafungu makubwa tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mbao kadhaa darasani. Anaweza kuandika mstari mmoja mmoja, lakini kifutio chake hufuta ubao mzima kwa mara moja. Akitaka kuondoa mstari mmoja, hana budi kwanza kunakili mistari mingine kwenye ubao mtupu, kisha ndipo aufute ule wa kwanza. Mbao tupu zikiwa nyingi, kazi huenda upesi. Zikibaki chache sana, mwalimu hushinda akihamisha maandishi huku na huko, na wanafunzi humngoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa simu iliyojaa. Haina kirusi wala haijazeeka. Imekosa mbao tupu. Kwa sababu hiyo ni busara kuacha angalau sehemu moja katika kumi ya hifadhi ikiwa wazi wakati wote.

Imejaa nini?

Hifadhi hupimwa kwa gigabaiti, na gigabaiti moja ni kama megabaiti 1,000. Simu inayouzwa kwa jina la gigabaiti 32 haimpi mnunuzi zote 32, kwani mfumo wenyewe na programu zilizokuja nao huchukua sehemu kubwa. Kinachobaki hujazwa upesi. Picha moja ya megabaiti 3 ni kitu kidogo, lakini picha 1,000 za namna hiyo ni gigabaiti 3. Video ya dakika moja iliyopigwa kwa ubora wa juu huweza kuzidi megabaiti 100.

Mlaji mkubwa, hata hivyo, aghalabu hukaa kimya. Katika simu nyingi ni WhatsApp, ambayo isipozuiwa hupakua yenyewe picha zinazotumwa katika makundi ya ukoo, ya harusi, ya vikoba na ya wanafunzi waliosoma pamoja. Zaidi ya hayo, picha unayomtumia mwenzio huweza kubaki mara mbili katika simu yako: ile ya asili, na nakala ya iliyotumwa.

Basi msomaji na afuate utaratibu huu, na asiruke hatua.

Kwanza, afungue Mipangilio na kutazama sehemu ya hifadhi. Hapo simu yenyewe itamwambia ni kiasi gani kimechukuliwa na picha, video, programu na mengineyo. Hiki ndicho kipimo, na hakigharimu kitu.

Pili, aingie katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, ambako mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi huorodheshwa. Afute video za mzaha, kisha azuie upakuaji wa wenyewe.

Tatu, afute akiba ya programu. Akiba ni vitu ambavyo programu imejiwekea ili ifanye kazi upesi, nayo huweza kuvitafuta tena. Lakini atofautishe kufuta akiba na kufuta data zote za programu. La pili huondoa hata mazungumzo na kumbukumbu zake, na halifanani kabisa na la kwanza.

Nne, aondoe programu asizotumia, pamoja na zile zinazojitangaza kwamba husafisha simu. Nyingi kati ya hizo hazifanyi lo lote ambalo Mipangilio haiwezi kufanya, nazo huleta matangazo juu ya mzigo uliokuwapo.

Tano, picha za thamani azihamishie kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Ajihadhari na kadi bandia, ambazo huandikwa ukubwa zisiokuwa nao na hupoteza kila kinachozidi ukubwa wao halisi. Baada ya kunakili, afungue picha kadhaa katika kadi ndipo afute zile za simuni. Na akumbuke kwamba picha zilizofutwa huweza kukaa katika pipa la takataka la simu kwa siku 30 au zaidi, na mpaka pipa limwagwe nafasi haipatikani.

Magonjwa yanayosingiziwa

Yako matatizo mengine ambayo kufuta simu hakuyatibu kamwe. Simu isiyopokea chaji mara nyingi ina vumbi na nyuzi za nguo katika tundu la chaji. Izimwe, kisha vitolewe polepole kwa kijiti kikavu cha mti, wala si kwa sindano. Simu inayokataa kufungua kurasa za intaneti ilhali mtandao upo, itazamwe tarehe yake: ikiwa imerudi nyuma, vyeti vya usalama vya mtandao huonekana kama havijaanza kutumika, na mawasiliano hukataliwa. Simu iliyoachwa juani mbele ya kioo cha gari hujipunguzia kasi ili isiungue, na betri yake huchakaa upesi. Betri iliyovimba isitobolewe wala kukandamizwa, kwani huweza kuwaka moto. Hiyo ipelekwe kwa fundi mara moja.

Na hofu moja tuiondoe. Fedha za simu hazikai ndani ya simu. Zimo katika vitabu vya kampuni, na hulindwa kwa laini na namba ya siri. Kufutwa kwa simu hakuzipotezi. Kinachopotea ni kile ambacho hakuna kampuni inayokitunza kwa niaba yako.

Si jambo la picha tu

Huenda msomaji akaona kwamba tunafanya shauri kubwa juu ya picha za harusi. Sivyo. Hapa hapa Morogoro, wataalamu wa SACIDS, kituo chenye makao yake Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walibuni AfyaData, programu inayowezesha dalili za magonjwa ya watu na ya mifugo kutolewa taarifa kutoka vijijini kwa simu ya Android. Katika kazi za namna hiyo, taarifa huweza kusubiri ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Simu iliyojaa huweza kushindwa kuhifadhi taarifa, na simu iliyofutwa kwa haraka huondoka na taarifa ambayo haijatumwa. Hapo hasara si ya mwenye simu peke yake, bali ni ya kijiji kizima.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno kwa mwananchi wa kawaida. Historia yetu ya karibuni inawakanusha. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia kote nchini. Kabla ya hapo, wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili kupata namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090 ili kujua kama ni halali. Ni jambo la kitaalamu, lakini lilielezwa kwa Kiswahili chepesi na kwa kurudiwarudiwa, na watu wakalitenda wenyewe, mijini na vijijini.

Kwa msingi huo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya ufundi vinavyofundisha utengenezaji wa simu viweke upimaji mbele ya tiba, na mwanafunzi asihesabiwe kuwa amefaulu kama hajui kunusuru yaliyomo. Pili, fundi amwulize kila mteja maswali matatu kabla ya kufuta: Je, umehifadhi picha na namba zako mahali pengine? Je, unaijua akaunti yako na neno lake la siri? Je, unakubali yote yafutike? Tatu, nasi wateja tukubali kulipia upimaji, kwa maana ujuzi ni kazi, na kazi isiyolipwa haifanywi.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona simu nzima zikitupwa kwa sababu ya betri tu. Sisi tunatengeneza, na desturi hiyo ni hazina ya taifa. Lakini kutengeneza bila kupima ni kubahatisha, na anayebahatisha huchezea mali ya mwenziwe. Tuanze na swali lile dogo: imejaa nini?