Amplifaya yako haijaungua. Ni waya!

Wasee wa Majengo, leo sibembelezi mtu. Tumezoea hivi: wufa inapiga nusu wimbo, taa nyekundu inawaka, muziki unakatika. Fundi anachungulia sekunde tano, anatoa hukumu: "Hii imeungua boss, leta ingine kubwa." Unaenda kukopa, unanunua. Wiki mbili baadaye, taa ni ileile.

Mimi nasema mara nyingi amplifaya haina makosa. Ina njaa. Unailisha kwa mrija wa soda halafu unashangaa haishibi.

Tupige hesabu, fizikia ya sekondari tu. Kuna mafundi wanachukua waya ya nyumba, ile ya 2.5 ya soketi, wanaivuta mita tano kutoka kwa betri hadi buti. Amplifaya ikivuta ampea 50, volti karibu 1.7 zinapotelea njiani. Betri inasoma 13.8, amplifaya inaona 12.1, na hapo hujahesabu upande wa negativu. Besi nzito ikigonga, inajizima. Na huo umeme uliopotea hauendi mbinguni. Ni wati karibu 85 za joto, chini ya kapeti, kando ya viti vya sponji. Ni kama kuficha balbu ya zamani ikiwaka chini ya miguu ya abiria.

Ukiona waya nene pia usichangamke. Nyingi ni plastiki nene, na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha na wembe: ikitoka nyeupe, umeuziwa alumini, ambayo inapitisha karibu theluthi mbili tu ya umeme wa shaba ya unene huo.

Sasa fyuzi. Ikiungua, mtu anaifunga na ile karatasi ya kung'aa ya sigara, safari inaendelea. Aki jameni! Fyuzi ya pale kwa betri kazi yake ni kulinda waya isishike moto. Ndiyo maana inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Waya ikikwaruzwa na bodi njiani bila fyuzi, betri inamwaga mamia ya ampea bila kuuliza. Kwa matatu ya abiria 14, hiyo karatasi ni kiberiti.

Najua mtasema shaba ni ghali, na fundi wenu ana miaka kumi kazini. Sawa. Lakini wewe ulikuja na boksi limeandikwa wati 5000, taa za rangi kila kona, na mia mbili ya waya. Fundi afanye miujiza? Na hiyo 5000 yenyewe ni porojo. Angalia fyuzi zilizo kwa amplifaya. Zikiwa mbili za 30, hiyo ni ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 828 zinazoingia. 5000 zitatoka wapi?

Kwa hivyo kabla hujalipa, dai vipimo. Injini iwake, muziki uwe juu. Pima volti kwa betri, kisha kwa amplifaya. Tofauti ikipita nusu volti, shida ni waya. Halafu weka ncha moja ya mita kwa negativu ya betri na nyingine kwa negativu ya amplifaya. Inafaa isome karibu sufuri. Ikikataa, fungua skrubu, kwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, kaza upya. Betri yenyewe ikishuka chini ya 12.5 injini ikiwaka, altaneta imezidiwa, na amplifaya kubwa itaizidisha tu. Mwisho, chomoa spika zote. Taa nyekundu ikizimika, fuata spika na nyaya zake. Ikibaki na volti ziko sawa, hapo sasa unaweza kuanza kuzika amplifaya.

Fundi akikataa kupima, chukua funguo zako uende. Mita ni rahisi kuliko wufa moja, na anayekisia na pesa yako hana haki ya kuitwa mtaalamu.

Tunataka besi itoke Majengo isikike Makutano? Poa, hata mimi. Lakini anza na waya na fyuzi, kwa sababu gari likishika moto, hakuna atakayeuliza lilikuwa linapiga wimbo gani.