Riba elekezi imfikie mkopaji kabla ya sarafu moja

Kila baada ya miezi mitatu, Benki Kuu ya Tanzania hutangaza riba elekezi. Nairobi hufanya hivyo kila baada ya miezi miwili, na Kampala, Kigali na Kinshasa zina ratiba zao. Siku hiyo magazeti huandika na wachumi hutoa maoni. Kisha mfanyabiashara wa nafaka pale Namanga hurudi kwenye tawi la benki yake na kukuta riba ya mkopo wake iko palepale.

Pengo hilo kati ya tangazo la Gavana na daftari la mkopaji ni suala la Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, si la nchi moja moja.

Riba elekezi ni kipimo ambacho Benki Kuu hutumia kuongoza gharama ya fedha ambazo benki hukopeshana kwa muda mfupi. Kabla ya kuipanga, Kamati ya Sera ya Fedha hutazama mfumuko wa bei, ukuaji wa uchumi, thamani ya sarafu, akiba ya fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani na hali ya mavuno. Bei zikipanda kwa kasi, riba hupandishwa ili mikopo ipungue. Bei zikitulia na uzalishaji ukihitaji msukumo, hushushwa.

Chombo hiki kina nguvu. Mwaka 2011, bei zilipopaa, Uganda ilipandisha riba elekezi kutoka asilimia 13 mwezi Julai hadi 23 mwezi Novemba, na Kenya ikafika asilimia 18 mwezi Desemba. Wakopaji waliumia, lakini mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulishuka katika nchi zote mbili. Tangu hapo nchi nyingine zimefuata njia hiyo. Rwanda iliingia mwaka 2019, na Tanzania ikaacha mfumo wa kudhibiti wingi wa fedha Januari 2024, ikaanza na riba ya asilimia 5.5.

Tatizo ni kwamba riba elekezi ikipanda, riba ya mikopo hupanda upesi, ikishuka, hujikongoja. Kati ya Agosti 2024 na Juni 2025, Kenya ilishusha riba elekezi kutoka asilimia 13 hadi 9.75. Wastani wa riba za mikopo ulitoka takribani asilimia 17 hadi takribani 15 tu, na hilo lilitokea baada ya Gavana Kamau Thugge kuzibana benki hadharani. Tanzania ilishusha yake hadi asilimia 5.75 Julai 2025, huku wastani wa riba za mikopo ukibaki karibu asilimia 15. Uganda, yenye riba elekezi ya asilimia 9.75 tangu Oktoba 2024, wakopaji wa shilingi wamekuwa wakilipa zaidi ya asilimia 17.

Benki nazo zina hoja. Mikopo chechefu ni gharama, na amana nyingi ni za muda mfupi. Lakini ipo sababu ambayo hazipendi kuisema kwa sauti: Serikali hukopa kwa hati fungani na kulipa vizuri, bila hatari kubwa. Benki inayopata faida hiyo ikiwa imekaa haina haraka ya kumtafuta muuza mahindi. Ndiyo maana muuza mahindi huyo huishia kwenye mikopo ya kausha damu, ambako riba huhesabiwa kwa wiki au mwezi na tangazo la Gavana halina maana yoyote.

Kongo ni mfano mzito zaidi. Agosti 2023, Kinshasa ilipandisha riba elekezi hadi asilimia 25. Lakini sehemu kubwa ya amana na mikopo ya benki nchini humo iko kwa dola. Riba ya faranga haiwezi kuongoza fedha ambazo si faranga.

Sasa fikiria sarafu moja. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikalenga mwaka 2024, na sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Siku hiyo ikifika kutakuwa na Benki Kuu moja na riba elekezi moja. Ikipandishwa, itambana mkopaji wa Nairobi, itamgusa kidogo wa Mwanza, na wa Bukavu huenda asiisikie kabisa. Dawa ileile itamzidia mmoja na kutomfikia mwingine.

Masharti makuu ya Itifaki ni manne: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itosheleze miezi 4.5 ya uagizaji. Hakuna linalopima kama riba elekezi inamfikia mkopaji. Pengo hilo lizibwe kabla ya 2031.

Amri peke yake haitoshi. Kenya iliweka ukomo wa riba kwa sheria mwaka 2016. Benki zikapunguza kuwakopesha wadogo, na ukomo huo ukafutwa mwaka 2019. Njia bora ni uwazi. Mwaka 2025 Benki Kuu ya Kenya ilielekeza benki zianze na kigezo cha pamoja kinachojulikana, kisha ziongeze kiasi kinacholingana na hatari ya mkopaji. Nchi nyingine zijifunze hapo.

Kila Benki Kuu, inapotangaza riba elekezi, itangaze pia kwa Kiswahili wastani wa riba ambayo kila benki iliwatoza wateja. Taarifa za wakopaji waaminifu zivuke mipaka, ili historia njema ya Arusha itambulike Kajiado. Na Serikali zitimize sharti la nakisi ya asilimia 3, kwa sababu Serikali inayokopa kupita kiasi nyumbani ndiyo mshindani mkubwa wa mfanyabiashara mdogo katika foleni ya mikopo.